Namna ya Kuchagua Njia ya Kuchangisha Fedha za Shule, Hatua kwa Hatua

Nimekaa miaka sita katika kamati ya shule ya msingi ya serikali, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mitatu ya mwisho nikiwa mwenyekiti. Kosa tulilolirudia ni kuchagua njia kabla ya kulijua hitaji: mjumbe anasimama na kusema tufanye harambee, na kuanzia hapo kikao kizima kinajadili mgeni rasmi atakuwa nani. Hatua zifuatazo zinaanzia upande wa pili.

Hatua ya 1: Liandike hitaji kwa vipimo. “Tunahitaji madarasa” halichangishiki. Andika vyumba vingapi, vya ukubwa gani, vifikie hatua ipi, kisha umwombe mhandisi wa halmashauri makadirio ya gharama. Ukitaka kipimo cha kulinganishia, katika mpango wa madarasa 15,000 wa mwaka 2021, uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, kila chumba kilipangiwa shilingi milioni 20. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo usiitarajie ijenge.

Hatua ya 2: Tenganisha hitaji la mara moja na hitaji la kila siku. Paa huezekwa mara moja, lakini chakula cha mchana huliwa kila siku ya masomo, na harambee haiwezi kumlisha mtoto mwaka mzima. Kwa chakula, njia inayodumu ni mazao. Ukikadiria gramu 100 za mahindi kwa mtoto kwa siku, katika siku 194 za masomo unapata kilo 19.4, yaani takribani debe moja. Mzazi anayeguna akiombwa fedha hulielewa debe mara moja, kwa sababu analipima mwenyewe nyumbani kwake. Maharage, chumvi na ujira wa mpishi hukadiriwa kwa namna hiyohiyo.

Hatua ya 3: Pata idhini kabla ya kutangaza. Elimumsingi imekuwa haitozwi ada tangu Januari 2016, na mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima na kuelekeza walimu wasijihusishe na kuikusanya. Mchango wa hiari unawezekana, ila pendekezo lipite kwenye kamati, kisha mkutano wa wazazi pamoja na serikali ya kijiji au mtaa, muhtasari uandikwe na kusainiwa, ndipo uombe kibali cha halmashauri. Hiari maana yake ni kwamba hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa. Njia yoyote isiyoweza kutekelezwa bila tishio hilo iondoeni kwenye orodha. Bahati nasibu nayo iondoeni, kwa kuwa huhitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kwa maoni yangu haifai kuuziwa watoto hata kama leseni ingepatikana.

Hatua ya 4: Pimeni kila njia kwa kile kinachobaki. Harambee yetu ya kwanza ilikuwa na maturubai, spika, soda na pilau. Daftari la ahadi lilijaa kurasa nne, watu wakashangilia kila jina lililosomwa, lakini kasha la taslimu lilipofunguliwa ofisini jioni, kilichokuwamo kilizidi gharama za shughuli kwa kiasi kidogo mno. Ahadi nyingine tulizifuatilia hadi tukaona haya kupiga simu. Tangu hapo nahesabu ahadi kuwa sifuri hadi ilipwe, na harambee naipendekeza tu pale ambapo gharama za siku hiyo zina mfadhili wake na wachangiaji wakubwa wamekwisha kulipa kabla.

Kwa ujenzi, nguvu za wananchi hushinda mara nyingi: matofali ya kuchoma, mawe, tripu za mchanga, uchimbaji wa msingi. Boma, yaani kuta ambazo bado hazijaezekwa, likifika kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), mna hoja nzito ya kuomba umaliziaji halmashauri au kwenye Mfuko wa Jimbo, ule wa maendeleo ya jimbo la mbunge. Makampuni na benki nazo huwa tayari zaidi kutoa mabati au madawati kuliko fedha, kwa hiyo barua itaje idadi ya mabati na geji yake, yaani unene. Waliosoma shuleni hapo huchangia vizuri kupitia makundi ya WhatsApp, mradi waombwe kitu kimoja kinachopigika picha, kwa mfano tangi la maji.

Tahadhari moja kuhusu vifaa: saruji msiipokee kabla fundi hajawa tayari. Tuliwahi kupewa mifuko mwezi Februari, tukaipanga sakafuni ikiwa imeegemea ukuta, na masika ilipokwisha mingine ilikuwa imeganda kama mawe. Iwekeni juu ya mbao, mbali na ukuta, na itumike ndani ya miezi mitatu hivi.

Hatua ya 5: Fuateni msimu. Januari mzazi ananunua sare na madaftari, hivyo mwacheni. Kwetu debe huja baada ya mavuno, kuanzia Juni. Mtwara na Lindi fedha huonekana minada ya korosho inapoanza, mwezi Oktoba.

Hatua ya 6: Amueni fedha itapita wapi. Ipitie akaunti ya shule au namba ya malipo ya serikali, kamwe si simu ya mtu, hata awe mwenyekiti. Anayepokea vifaa asiwe yule anayevitoa stoo. Kila mwisho wa mwezi bandikeni kwenye ubao wa matangazo karatasi moja yenye mapato, matumizi na baki, na iandikwe kwa kalamu nene ili mzazi aliyesimama nje ya dirisha la ofisi aweze kuisoma bila kuomba ruhusa ya kuingia.