Dingi ya mbio ya mtumba, mbao au faiba: ikague hivi kabla hujatoa hela

Dingi ninayoiongelea hapa sio yule mzee wa nyumbani, ni kile kiboti kidogo cha tanga cha mtu mmoja au wawili, kina sentabodi katikati, yaani ubao unaoshushwa majini kupitia tumbo ili kisisukumwe kando, na ukizubaa kidogo tu kinakupindua. Watu wakija kuniuliza huwa wanaanza na swali hilohilo, ninunue ya mbao au ya faiba, na jibu langu hawalipendi maana nawaambia hilo ni swali la tatu au la nne huko. Mbao ikioza kipande unakata unaunga maisha yanaendelea, ila faiba ikishalegea mwili mzima ndo basi tena, haifufuki. Kwahiyo kagua hali ya chombo, na hali yake utaijua kwa mikono na masikio zaidi kuliko macho.

Beba bisibisi nyembamba, sarafu, tochi, sponji, maji ya sabuni, mrija wa plastiki na mizani mbili zile za kupimia watu. Muuzaji atakuona umechanganyikiwa, mwache aone.

Hatua ya 1: klasi kwanza, boti baadaye

Klasi ni kundi la boti za muundo mmoja zinazoshindana zenyewe kwa zenyewe. Angalia unapotaka kushindana wenzako wanaendesha nini, kisha tafuta hiyohiyo. Mara nyingi klasi yenyewe inakumalizia ubishi wa mbao na faiba. Laser, ambayo siku hizi inaitwa ILCA, ni faiba tu, mwili wake mtupu una kama kilo 59. Mirror ilibuniwa miaka ya 1960 ili mtu ajijengee mwenyewe nyumbani, vipande vya plaiwudi vinashonwa kwa waya wa shaba halafu vinagandishwa kwa utepe wa faiba na rezini, kwahiyo za mtumba nyingi ni mbao. Enterprise, GP14, Solo na Fireball zipo za aina zote mbili, na hapo ndo swali lako lina maana. Halafu kuna chotara, chini faiba juu deki ya mbao, hizo zikague mara mbili kwasababu zina magonjwa ya pande zote.

Ukinunua klasi ambayo hakuna mwingine anayo utaishia kwenye mbio za kufidiana muda, ile mnamaliza halafu mtu anakaa na kikokotoo ndo mjue nani kashinda. Sio mbaya, ila sio raha ile ya boti kumi zinazofanana zikigombania boya moja.

Hatua ya 2: ipime uzito

Hii wengi wanairuka na mimi naona ndo hatua inayosema ukweli kuliko zote. Toa mlingoti, usukani, kamba, kila kitu kinachotoka, kausha ndani kwa sponji, weka mzani mmoja chini ya omo (mbele) mwingine chini ya tezi (nyuma) ukiwa umeweka ubao juu yake, soma zote mbili ujumlishe. Linganisha na uzito wa chini wa klasi yake. Lita moja ya maji ni kilo moja, sasa kama boti imezidi kilo kumi na hakuna rundo la vifaa lililofungwa humo ndani, ujue kuna kama ndoo nzima ya maji imejificha kwenye mbao au kwenye povu linalowekwa katikati ya matabaka ya faiba, au kuna mtu aliibandika puti na rangi tabaka kwa tabaka miaka nenda rudi. Yote mawili utakuwa unayabeba kila mbio. Ikiwa nyepesi kuliko kiwango sio tatizo, inafungwa vipande vya madini ya risasi ndani kufidia, na ukivikuta tayari vimefungwa furahi kimoyomoyo usiseme kitu.

Hatua ya 3: kama ni ya mbao

Kitu ambacho watu hawakijui, maji yanayoozesha boti ni ya mvua zaidi ya ya bahari. Chumvi inawazuia fangasi wa kuozesha, maji baridi yanawakaribisha. Kwahiyo boti iliyoachwa nje, turubai limetoboka, mvua ikatuama kona ya tezi miaka miwili, hiyo imeumia kuliko iliyoshinda majini kila wikendi ikarudi ndani ikaachwa vifuniko vya matangi ya hewa, yale yanayoifanya ielee, wazi ipumue. Muulize muuzaji ilikuwa inalala wapi, halafu angalia kama turubai lake linakubaliana na maneno yake.

Nenda moja kwa moja sehemu ambazo maji yanatuama na sehemu ambazo kichwa cha mbao, yaani pale ilipokatwa, kiko wazi: kona za tezi, chini ya mlingoti, kandokando ya kisanduku cha sentabodi, kuzunguka kila skrubu. Chini ya vanishi weusi unaosambaa kama wino ni maji yameingia, bado unaweza ukapona. Ila bonyeza hapo kwa ncha ya bisibisi, taratibu na kwa ruhusa. Mbao nzima inagoma. Iliyooza inaingia kama sabuni. Mimi boti yangu ya kwanza niliinunua kwa rangi, ilikuwa nyekundu inang'aa mpaka unajiona, sikubonyeza chochote, nikaja kubonyeza nyumbani na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Ukiona vyaelea vimeundwa, sawa, ila we uliza pia vimeundwa upya mara ngapi. Rangi mpya kwenye boti ya mtumba ni sababu ya kukagua zaidi.

Kiraka sio kosa. Kilichoungwa vizuri kimechongwa mshazari, plaiwudi ya mm 6 inataka mteremko wa kama mm 48, yaani mara nane ya unene, halafu gundi ya epoksi. Kilichobandikwa juujuu kama stempu na skrubu nne, hicho ndo kosa.

Hatua ya 4: kama ni ya faiba

Igonge kwa sarafu, sentimita chache chache, tumbo lote. Unataka ko ko ko kavu. Ikifika mahali sauti inafifia, dup dup, hapo matabaka yameachana au povu la katikati limelowa. Weka alama kwa chaki, ukimaliza angalia alama ziko wapi. Moja ndogo pembeni inarekebishika. Zikijipanga chini yote pale wanaposimama watu, funga mkoba wako.

Kisha bonyeza tumbo kwa kiganja, na deki ikanyage kidogo pale wanapokaa. Faiba inachoka kwa kupindishwapindishwa, boti iliyoshindaniwa sana inakuwa laini kama chupa ya plastiki na kila wimbi linakula mwendo wako. Kama imesimamishwa mlingoti na waya zinazoushikilia zimekazwa, mwenzako ashike omo isizunguke, we sukuma ubavu wa nyuma juu uone kama inajipinda. Hapa ndo maana nasema plaiwudi nzuri ya zamani inaweza kuishinda faiba ya umri uleule, mbao kwa uzito wake ni ngumu kweli, na kwakuwa watu wanaiogopa inauzwa rahisi.

Vile vinyufa vya utando wa buibui kwenye jelkoti, lile tabaka la nje linalong'aa, visikutishe vikiwa peke yake, vingine ni vya juujuu. Vikizunguka kitu kilichofungwa, mfano bati linaposhikiwa waya za pembeni za mlingoti au mguu wa mlingoti, hapo kuna kitu kinasogea ndani. Piga tochi kutokea ndani ya tangi giza likiwa limeingia, kwenye faiba ambayo sio ya povu utaona viraka vimekaa vyeusi kama mawingu.

Kwa Laser ongeza hili: jaza maji shimo la mlingoti subiri robo saa. Yakishuka, shimo limepasuka chini, na ni ugonjwa maarufu.

Hatua ya 5: matangi ya hewa na kisanduku cha sentabodi

Funga vizibo vyote, paka maji ya sabuni kwenye maungio, halafu puliza kwa mdomo kupitia mrija kwenye tundu la kizibo. Kwa mdomo nimesema, sio pampu ya baiskeli wala kompresa, utapasua mali ya mtu. Mapovu yatakuonyesha panapovuja. Kuvuja kwenye kifuniko ni mpira tu, badilisha. Kuvuja kwenye ungio la kisanduku na tumbo ni kazi ya siku kadhaa na upunguze bei kwa hizo siku.

Hatua ya 6: vya juu

Haraka haraka. Mlingoti uutazame kwa urefu kama unalenga bunduki, uwe umenyooka. Unga mweupe pale chuma cha pua kinapogusa alumini ni kutu ya alumini, kwangua uone imekula kiasi gani. Waya zipitishe kitambaa, sio mkono, uzi uliokatika utakamata kitambaa badala ya kidole chako. Tanga likikunjwa linatakiwa lilie kama karatasi, likiwa laini kama shuka ni la mazoezi, hesabu kabisa hela ya lingine. Mwisho nambari ya tanga ifanane na nambari ya mwili, na cheti cha vipimo kiwepo, bila hicho mbio rasmi wanaweza wakakugomea.

Hatua ya 7: ipindue makusudi

Kama muuzaji anakubali, ingia nayo majini siku ya upepo wa wastani, iendeshe nusu saa, halafu ipindue makusudi, iache ilale ubavu dakika tano, iinue, rudi nchi kavu. Fungua vizibo na uyapime maji yanayotoka kwenye matangi. Kikombe, lipa. Ndoo, rudi hatua ya 5 na mjadili bei upya mbele ya hiyo ndoo ikiwa bado imejaa.