Altezza ya chini kwenye barabara mbovu: jinsi ninavyoipanga miguu yake

Vijana wengi wanaoniletea Toyota Altezza iliyoshushwa huja na ombi moja: "Fundi, ilainishe." Mimi ugumu wa springi nauacha kwanza. Natafuta tairi lina nafasi kiasi gani ya kupanda kabla shokapu haijafika mwisho. Nafasi hiyo ikiisha, hata uweke springi laini namna gani, kila shimo la mitaa ya ndani ya Goba, hapa Dar, utalisikia kwenye uti wa mgongo. Na kama springi zako zimekatwa kwa grainda, zitoe leo. Springi iliyokatwa hulegea tairi linaponing'inia na inaweza kutoka kwenye kikalio chake.

Kupima nafasi hakuhitaji mashine. Inua mpira wa vumbi unaofunika rodi ya shokapu, funga mkanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya kwenye rodi ya shokapu, ushushe mpaka uguse mwili wa shokapu gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Pita njia yako ya kila siku, matuta yote, ukiwa na abiria unaowabeba siku zote. Kisha tazama mkanda umesukumwa hadi wapi. Ukifika kwenye mpira wa kizuizi, ule unaopokea pigo shokapu inapofika mwisho, siku moja moja, kwenye shimo baya, si tatizo. Ukifika hapo kila tuta, una kazi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na shokapu za kurekebisha kimo za bei kubwa. Zile zenye thredi sehemu mbili zina kikalio cha springi juu na bomba la kufungia chini. Ukizungusha bomba la chini, gari litapanda, lakini rodi inabaki na nafasi ileile; dawa hiyo ni ya tairi linalokwaruza fenda. Kama rodi ndiyo inayogonga, pandisha kikalio cha springi. Panda milimita 10, pima upya kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia, halafu rudi barabarani na mkanda wako. Usipandishe kupita kiasi: tairi linahitaji pia kushuka ndani ya shimo, la sivyo linabaki hewani na gari linakosa mshiko.

Sasa kitufe cha ugumu wa shokapu. Kifunge mpaka mwisho wa kukaza, kisha kirudishe ukihesabu mibofyo, magurudumu yote ya ekseli moja sawa. Kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, legeza. Shokapu ikikazwa mno, springi haiwahi kurudi kabla ya kunyanzi linalofuata, na gari linazidi kuzama hadi linagonga. Likianza kuyumba baada ya tuta, kaza mbofyo mmoja mmoja.

Altezza ina mikono miwili ya miguu kila gurudumu, mbele na nyuma, kwa hiyo bushi, yaani mipira ya maungio ya mikono hiyo, ni nyingi. Bolti za mikono zikazwe gari likiwa limekalia matairi, kamwe si likining'inia kwenye jeki. Ukikaza likining'inia, mpira wa bushi unakaa umejipinda muda wote na utachanika mapema. Nawasihi msimamieni fundi wenu kwenye hili.

Kwa matairi, napenda kutoka 215/45R17 kwenda 205/55R16 (namba ya mwisho ni inchi za rimu). Kimo cha tairi kinabaki karibu kilekile, ila ubavu wa mpira unaongezeka milimita 16 hivi, na rimu inapona. Hakikisha kwanza rimu ya 16 inapita kalipa ya breki. Upepo ufuate kibandiko cha mlangoni. Kuupunguza ili gari liwe laini kunapinda rimu.

Mwisho kabisa ndipo alainimenti, maana kila ukibadili kimo, pembe za matairi zinabadilika. Endesha siku chache springi zikae, kaza nati za kufungia, ndipo uende. Rekebisha na taa za mbele, zisimulike macho ya wanaokuja. Sisi wa Dar tuna chumvi ya bahari, basi safisha thredi kwa brashi kila unapoosha gari, la sivyo zitashika kutu na hutazizungusha tena.