Kuchagua jeni rejea kwa majani ya mkorosho yaliyopata vumbi la salfa

Mtafiti wa Mtwara anayetaka kujua kama salfa ya unga, inayopulizwa mikoroshoni wakati wa maua ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, huamsha jeni za kinga majanini, hana budi kupata kwanza jeni rejea, yaani jeni ambayo kiwango chake cha RNA (nakala ambazo seli hutoa kutoka kwenye jeni) hakibadiliki, jani liwe limepata vumbi au halikupata. Jeni hiyo ndiyo pishi ya kupimia: pishi yenyewe ikipungua, mpimaji atadhani mchele umeongezeka.

Kosa la kawaida ni kuchukua jeni ya GAPDH au ya aktini (protini ya kiunzi cha seli) kwa sababu tu wengine waliitumia. GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja sukari, na uchafuzi unaosumbua upumuaji wa seli unaweza kuigusa moja kwa moja. 18S, RNA ya ribosomu, nayo imejaa mno kwenye seli, hailingani na jeni adimu. Ni afadhali kuanza na jeni 6 hadi 10 zenye kazi tofauti, zikiwamo aktini, yubikwitini, EF1-alfa, PP2A na TIP41, kwa kuwa jeni zinazopanda na kushuka pamoja huidanganya geNorm, programu inayopanga jeni kwa utulivu wake, ikaziona tulivu.

Majani yawe ya umri mmoja, yachumwe saa ileile, kutoka angalau miti 3 kila kundi. Miti isiyopulizwa iwe upande unakotoka upepo, maana salfa husafiri. Mkorosho una polifenoli nyingi, hivyo RNA itolewe kwa CTAB (sabuni ya kupasulia seli) yenye PVP (kinachonasa polifenoli), kisha mabaki ya DNA yaondolewe.

Kila praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakilishaji wa jeni katika PCR) ipimwe kwa cDNA (DNA iliyonakiliwa kutoka RNA) iliyozimuliwa hatua kwa hatua, na ufanisi wake (100 ni nakala kuongezeka maradufu kila mzunguko) uwe kati ya asilimia 90 na 110. Katika geNorm, thamani ya M (kipimo cha kuyumba kwa jeni) isizidi 1.5, ingawa kwa majani pekee mimi ningedai 0.5; V2/3 (badiliko linaloletwa na kuongeza jeni ya tatu) ikiwa chini ya 0.15, jeni mbili zinatosha, na hutumika wastani wao wa kijiometri. NormFinder, programu nyingine ya aina hiyo, ikitoa mpangilio tofauti, ningeipa uzito zaidi, kwa sababu huangalia pia tofauti kati ya makundi.

Mwisho, jeni lengwa moja, yaani ile inayochunguzwa, kwa mfano ya katalesi (kimeng'enya kinachovunja peroksidi ya hidrojeni), ikokotolewe kwa jeni rejea bora na kwa ile mbovu kuliko zote, ili ionekane jibu linapotoka kiasi gani. Atakayehamia mikoko ya mlango wa Ruvuma na kupima metali nzito, aanze uteuzi upya.