Waini kwa anayeanza: zijue zabibu zake ukiwa hukuhuku Nyanda za Juu Kusini

Chupa yangu ya kwanza ya waini niliinunua Mafinga, ilikuwa mwezi wa saba na baridi lake, naenda ukweni, nikaona leo nisiende na kreti ya soda kama kawaida, nikachukua moja yenye lebo nyeusi imeandikwa Cabernet Sauvignon, kisa tu ilikaa kiheshima. Baada ya kula ikafunguliwa. Mama mkwe akapiga funda moja, akanyamaza, akaitazama glasi, halafu akaniuliza kwa upole, "Baba, hii haijaharibika kweli?" Shemeji akaenda kuleta Fanta, wakachanganya, ikaisha hivyo.

Haikuwa imeharibika. Kosa lilikuwa langu, nilimpa mtu ambaye hajawahi kuonja waini zabibu yenye ukali mkubwa, tena bila kumwambia ategemee nini. Watu wengi huku wanaosema "mi waini siipendi" stori yao ni hiyohiyo, walikutana na zabibu isiyowafaa siku ya kwanza basi wakafunga mlango. Kwahiyo hapa nakuelekeza namna ya kuanza, na tutaanza na vitu ambavyo tayari unavijua.

Anza na ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kama umekulia Iringa au Njombe unajua kabisa tofauti ya mtogwa na mkangafu. Mtogwa umetoka kugemwa, mtamu, hata mtoto anapewa. Ukiuacha, sukari yake inaliwa na chachu inageuka kilevi, kesho yake ni mkangafu, utamu umekwisha na kichwa kinaanza kuzunguka. Waini ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba huku ni juisi ya zabibu. Ikiachwa ichache mpaka sukari karibu yote iishe, hiyo ndo wanaiita dry, kwa kwetu tunasema kavu au drai, na sio kwamba haina maji jamani, ni kwamba haina sukari. Ikikatishwa mapema inabaki tamu. Kwahiyo utamu mara nyingi ni uamuzi wa mtengenezaji, sio zabibu peke yake, na ndo maana zabibu moja unaweza kuikuta kavu kwenye chupa hii na tamu kwenye chupa ile.

Sasa pika chai ya rangi, ya Mufindi au ya Tukuyu haina shida, ila weka majani mengi na uyaache humo dakika kumi, usitie sukari wala maziwa. Kunywa. Ule mkwaruzo kwenye fizi, ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi, kama umeng'ata ndizi mbichi, hiyo inaitwa tanini. Kwenye zabibu inakaa kwenye ganda na mbegu. Jaribu siku ukipata zabibu nyeusi za Dodoma, zile zinazoletwa kwa njia ya Mtera, imenye moja taratibu uone, nyama ya ndani sio nyeusi, imekaa kama maji. Rangi yote iko kwenye ganda. Waini nyekundu inachacha pamoja na maganda ndo inapata rangi na tanini, nyeupe wanakamua juisi wanatupa maganda kwanza. Ndo maana hata zabibu nyeusi inaweza kutoa waini nyeupe, Wafaransa wa Champagne wanafanya hivyo kila mwaka na Pinot Noir.

Kitu cha tatu ni uchachu wenyewe, asidi. Kata pasheni ulambe, mate yanajaa mdomoni pembeni ya ulimi, basi. Tanini inakausha mdomo, asidi inaujaza mate. Ukishazitofautisha hizi mbili nakuhakikishia umeshawapita nusu ya watu wanaozungusha glasi kwenye harusi.

Haya, zabibu zenyewe. Kwa anayeanza nashauri uanzie kwenye nyeupe, na uanze na Chenin Blanc, tamka Shenan Blan. Asili yake ni bonde la mto Loire Ufaransa lakini Afrika Kusini ndo wanailima kwa wingi kuliko nchi yoyote duniani, zamani wenyewe waliiita Steen, na kwa vile waini nyingi za kwenye rafu za Mbeya na Iringa zinatoka huko, haikusumbui kuipata. Hata Dodoma wanailima. Ina uchachu wa kutosha, ina harufu ya tofaa na kidogo kama asali, haina ugomvi na mtu. Kuku wa kienyeji wa kuchemsha na Chenin ya baridi, mwenyewe utanitafuta.

Sauvignon Blanc ni ya wale wanaopenda vitu vichachu. Inanukia majani yaliyokatwa sasa hivi, na ile ya Marlborough kule New Zealand inanukia pasheni waziwazi, sio maneno ya kitaalamu, nusa utaona. Ukiwa Kyela umekaangiwa usipa na ndimu pembeni hii ndo yake. Chardonnay, tamka Shadonei, yenyewe haina kelele, inachukua tabia ya aliyeitengeneza, ikikaa kwenye pipa la mwaloni inaanza kunukia vanila na siagi, isipokaa inakuwa nyepesi tu, kwahiyo ukisema huipendi Chardonnay uulizwe kwanza ipi. Riesling ya Ujerumani inakuja tamu na inakuja kavu, soma lebo, na ikizeeka inatoa harufu kama mafuta ya taa, wenyewe wanaisifia hiyo. Mimi bado sijaelewa.

Halafu kuna Muscat, wengine Moscato. Hii ni zabibu ambayo waini yake inanukia zabibu kama zabibu, na nyingi ni tamu zenye kilevi kidogo, Moscato d'Asti ya Italia kwa mfano inacheza kwenye 5% hivi, kama bia. Wajuaji wanaidharau. Waache. Mama mkwe wangu ningempelekea hii siku ile heshima yangu ingebaki.

Tuje kwenye nyekundu, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo watu wanapoumia. Pita Merlot kwanza, tamka Merlo, hiyo t mwishoni iache. Ni laini, tanini yake haing'ati sana. Ukishaizoea ndo uende kwa Cabernet Sauvignon, ambayo punje zake ni ndogo na ganda nene, maana yake maganda na mbegu ni mengi ukilinganisha na juisi, ndo ule mkwaruzo wote unakotokea. Inanukia zambarau iliyoiva sana na wakati mwingine hoho mbichi. Na cha kushangaza, mwaka 1997 watafiti wa chuo kikuu cha California pale Davis walipima vinasaba wakakuta mama na baba zake ni Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, yaani hili dume jeusi mzazi wake mmoja ni zabibu nyeupe.

Siri ya Cabernet ni kwamba haijatengenezwa kunywewa mikono mitupu. Tanini inashikana na protini na mafuta ya nyama badala ya kushikana na mate yako, kwahiyo funda lilelile lililokukausha mdomo, ukila kipande cha nyama choma yenye mafuta ukarudia, linakuwa laini kabisa. Fanya hili jaribio, funda moja kabla ya nyama, moja baada. Sisi siku ile tulikuwa tumeshamaliza kula, meza imefutwa, hapo nani angeielewa?

Shiraz na Syrah ni zabibu moja yenye majina mawili, Ufaransa Syrah, Australia Shiraz. Inanukia pilipili manga, na hii sio ushairi, kuna kemikali kabisa iliyomo kwenye pilipili manga ambayo iko na kwenye ganda la hii zabibu. Mishkaki, mbuzi, kitimoto iliyokaangwa ikakauka, vyote inabeba. Pinot Noir, tamka Pino Nwa, ni nyepesi, ganda jembamba, inasumbua kuilima na bei yake inaonyesha, usianze nayo.

Pinotage ni ya Waafrika wenzetu. Mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa chuo kikuu cha Stellenbosch alichanganya Pinot Noir na Cinsaut, ambayo wao waliiita Hermitage, ndo jina likaunganishwa, akapata mbegu nne tu akazipanda kwenye bustani ya nyumbani kwake. Nzuri ina harufu ya moshi na matunda meusi, mbaya inanuka kama mpira umeungua, sikufichi.

Na ya nyumbani usiisahau, Makutupora Red, jina la eneo la Dodoma kilipo kituo cha utafiti wa zabibu. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, wakati Ulaya ni mara moja, kwa sababu hawana majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Wengine wananiuliza mbona Rungwe ardhi nzuri vile hatulimi. Mvua jamani. Mzabibu kwenye unyevu wa muda mrefu unashambuliwa na fangasi, wenyewe unataka jua na ukavu.

Ukiwa dukani usidanganywe na lebo nyeusi wala chupa nzito. Tafuta jina la zabibu, halafu tafuta asilimia ya kilevi. Waini ya mezani ikiwa 13% au 14% mara nyingi sukari imeshaisha, ni kavu, ikiwa chini ya 10% mara nyingi kuna utamu umebaki, ila zile zilizoongezwa pombe kali, za 16% kwenda juu, zinaweza kuwa na vyote viwili, kilevi na sukari, hizo ndo zinakulaza. Ikiandikwa Natural Sweet ni tamu, tena nyekundu nyingi zinazopendwa mtaani ni hizo, hakuna aibu. Na chupa iliyosimama dirishani inapigwa jua iache hapohapo, mimi kuna grosari moja Mbeya mjini niliuziwa ya hivyo, ina ladha ya tunda lililochemshwa na nikakomaa nayo nikidhani ndo utaalamu.

Namna rahisi ya kujifunza ni watu sita kuchangishana chupa tatu, tuseme Chenin, Merlot na Cabernet. Glasi zozote, hata za chai, mimina vidole viwili tu. Anzeni na nyeupe mmalizie na nzito, kama kuna tamu iwe ya mwisho kabisa maana ikitangulia inazifanya nyingine zote zionekane chungu. Nusa kwanza, kunywa, iache mdomoni kidogo, halafu jiulize mate au vumbi? Maji yawepo, mkate uwepo, na pilipili kali iwekeni mbali na Cabernet, inawaka moto mara mbili. Wenye magari walale hapohapo au waitiwe bajaji.

Kuhusu baridi, utasikia nyekundu inywewe kwenye joto la chumba. Chumba cha Ulaya hicho, digrii 16 mpaka 18. Mbeya mwezi wa saba ukiiweka mezani iko tayari, Makete labda uipashe mikononi, ila Kyela iweke friji nusu saa kwanza. Nyeupe iende friji masaa mawili matatu. Ikibaki, rudisha kizibo, weka friji hata nyekundu, siku tatu inakunyweka, ikianza kunukia siki usiitupe, mimina kwenye nyama ya ng'ombe ukiwa unaunga, kabla hujaweka nyanya.