Jinsi ya kupanga jenereta ya teknesiamu kwa hospitali za huku kanda ya ziwa

Huku Mwanza ukisema jenereta kila mtu anawaza ile ya dizeli nyuma ya duka, umeme ukikatika inawashwa. Hii ninayoiongelea mimi haingurumi na haili mafuta, ni kikolamu cha kioo ukubwa wa kidole kimejazwa unga mweupe alafu kimezungushiwa risasi nzito, kiboksi kidogo lakini ukikinyanyua mgongo unajua. Humo ndo inatoka teknesiamu-99m, ile dutu ya mionzi inayotumika kuliko zote kwenye gama kamera, yaani kamera inayopiga picha ya mionzi inayotoka mwilini mwa mgonjwa aliyechomwa, mifupa, figo, moyo, tezi ya shingo. Naandika kwa ajili ya vijana wa fizikia ya tiba na mafundi wa vifaa tiba maana wengi wanajua kuikamua, yaani kuitoa teknesiamu humo, ila hawajui kwanini imepangwa vile, na usipojua hilo siku ikikugomea huna pa kuanzia.

Anza na muda, kila kitu kinatoka hapo. Teknesiamu-99m nusu-uhai wake, yaani muda wa kupungua ibaki nusu, ni masaa 6 tu. Ukiitoa kwenye kinu cha nyuklia cha SAFARI-1 kule Pelindaba Afrika Kusini, ije mpaka Dar, isubiri ndege ya Mwanza, ishuke uwanjani na ipite foleni mpaka hospitali, inafika imebaki mabaki. Kwahiyo hausafirishi mtoto, unasafirisha mama. Mama ni molibdeni-99, nusu-uhai masaa 66, na anavyooza ndo anazaa teknesiamu mle mle ndani ya kolamu. Walioitengeneza ya kwanza ni Walter Tucker na Margaret Greene kule Brookhaven Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo wazo ni lile lile.

Kukamua Wasukuma hatuhitaji kuelezwa sana. Ng'ombe ukimkamua asubuhi jioni ana maziwa tena. Hapa ukishakamua, baada ya masaa 6 teknesiamu imerudi kama asilimia 60 ya kilele chake, masaa 12 imefika karibu 88, na kilele chenyewe ni masaa kama 23. Ndo maana watu wanakamua mara moja kila asubuhi, ila akija mgonjwa wa dharura saa saba mchana usimwambie arudi kesho, kipo cha kumtosha.

Sasa kolamu. Unga ule ni alumina, na kazi yake ni moja, amshike mama amwachie mtoto. Ukiuosha kwa asidi unakuwa na chaji chanya, molibdeni ikiingia kama molibdeti ina chaji hasi mbili inashikwa barabara, lakini ikishageuka teknesiamu inakuwa pateknetati yenye chaji hasi moja, inashikiliwa kilegelege tu, ukipitisha maji ya chumvi asilimia 0.9, yale yale ya dripu za wodini, kloridi inaisukuma inatoka. Hakuna mashine humo jamani, ni kemia ya chumvi.

Hapa wengi wanateleza: alumina ina kikomo, gramu moja inashika kama miligramu 20 za molibdeni na sio zaidi. Molibdeni inayotoka kwenye kupasuka kwa urani-235 ina mionzi mingi sana kwa kila gramu, kwahiyo kwa uzito ni kidogo mno na kolamu ya gramu chache inatosha. Ila ile inayopatikana kwa kupiga molibdeni ya kawaida kwa nyutroni kwenye kinu imejaa molibdeni baridi isiyozaa kitu, inakaa kwenye viti vya wenzake, unalazimika kuongeza unga, kolamu inakuwa ndefu, maji ya kukamulia yanakuwa mengi na unachopata ni chepesi mpaka hakifai sindano ndogo. Mtu akikuletea mpango wa jenereta muulize hili kabla ya bei.

Ukuta wa risasi upigie hesabu ya mama, sio ya mtoto. Mionzi ya teknesiamu ni keV 140 (keV ni kipimo cha nguvu ya mionzi), risasi ya robo milimita tu inaikata nusu. Molibdeni inatoa ya keV 740, hiyo kuikata nusu unahitaji milimita 6 hivi. Niliwahi kuona mchoro wa mwanafunzi, mzuri kwa kila kitu, ila ukuta ameupigia hesabu ya 140. Angekaa nayo chumba kimoja wiki nzima.

Mirija iwe mifupi, mwishoni weka kichujio cha maikromita 0.22, na anayevuta maji ni chupa yenye vakyumu, yaani iliyoondolewa hewa. Chupa ikishajaa acha hewa iendelee kuvutwa mpaka usikie ile sauti ya kugugumia, kolamu ikauke. Maji yakibaki mle mionzi inayavunja, yanabadilisha kemia ya teknesiamu inang'ang'ania kwenye unga, kesho unakamua unapata pungufu alafu unalaumu kiwanda.

Ukubwa wa kuagiza ndo penye maumivu kwetu, kwahiyo hesabu nenda nayo kinyumenyume. Tuseme Alhamisi saa moja asubuhi nahitaji GBq 8 (GBq ni kipimo cha wingi wa mionzi), inatosha wagonjwa kama 8 wa mifupa wakichomwa kwa zamu mpaka saa nne. Jenereta iliyokamuliwa jana yake inakupa kama asilimia 80 ya molibdeni iliyopo, ukishatoa na kile kinachobaki kwenye kolamu, kwahiyo nahitaji molibdeni GBq 10 Alhamisi hiyo. Kutoka Jumamosi iliyopita ni masaa 120, inakuwa imebaki asilimia 28, kwahiyo nagawa 10 kwa 0.28, naagiza ya GBq 36 kwa tarehe ya Jumamosi. Alafu soma vizuri tarehe kwenye lebo maana ile namba kubwa ni ya siku waliyoiandika wao, sio siku unayoipokea wewe. Ndege ikiahirishwa siku moja tu umepoteza asilimia 22, hao ni wagonjwa wawili, na mmoja anaweza kuwa ametoka Ukerewe kwa meli na amelala kwa ndugu Kirumba akisubiri picha hii tu.

Na Jumatatu muwe makini. Jenereta iliyokaa tangu Ijumaa imerundika teknesiamu-99 ya kawaida, ambayo haionekani kwenye kamera lakini inagombania dawa ile ile ndani ya kit, kile kichupa cha dawa unachochanganyia teknesiamu. Niliona kwa macho yangu picha ya mifupa ya mama mmoja, mbavu zimefifia, tezi ya shingo na tumbo vinawaka. Pateknetati haikushikana na dawa. Tulirudia siku ya pili na alivumilia lakini iliniuma, na tangu hapo maziwa ya kwanza ya Jumatatu nayaweka pembeni, nasubiri masaa kadhaa nakamua tena ndo nachanganya.

Kila ukikamua pima kama mama amevuja. Weka chupa ndani ya kopo la risasi la milimita 6, teknesiamu inazuiwa, molibdeni inapita unaisoma. Kikomo ni kBq 0.15 kwa kila MBq 1 ya teknesiamu, na kinahesabiwa muda wa kumchoma mgonjwa. Mtoto anaisha haraka kuliko mama, kwahiyo chupa iliyosoma 0.05 saa moja asubuhi, saa moja jioni imeshafika 0.18, hiyo haichomwi tena. Aluminiamu inayovuja kutoka kwenye unga nayo isizidi maikrogramu 10 kwa mililita, kuna karatasi ya kupimia, tone moja tu.

Ya zamani usiitupe stoo kiholela. Andika tarehe ya mwisho kwa peni nene juu ya boksi, iweke nyuma ya ukuta siku 28 hivi, hizo ni nusu-uhai kumi, kisha ipime kwa mita kabla hujaigusa na fuata kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki kinavyosema, kama ni kurudishwa kwa aliyeileta irudishwe.