Kigari cha mashine nzito: magurudumu yakae nje ya fremu

Ukichomelea kigari cha kusogezea mashine ya randa au drili ya kusimama, usiweke magurudumu chini ya fremu. Mashine hupanda juu na kuanza kuyumba, hasa drili, maana uzito wake uko kichwani. Chomelea masikio (vipande vya chuma vya kufungia magurudumu) pembeni, magurudumu yakae nje, na fremu ya chuma cha pembe (chenye umbo la L) ipite sentimita 2 tu juu ya sakafu.

Fremu iache nafasi ya milimita 5 kila upande wa kitako cha mashine. Mimi ya kwanza niliikata sawasawa na kipimo. Rangi na mshono wa ndani ya kona vikala nafasi, mashine ikagoma kuingia. Siku hizi kona nazichomelea kwa nje na chini tu. Shika kwa vidoa vya kuchomelea kwanza, pima mishazari yote miwili (kona hadi kona) uone inalingana, ndipo umalize.

Magurudumu yafunge kwa bolti, usiyachomelee: joto huyeyusha grisi na plastiki, na moshi wa zinki iliyopakwa juu yake ni sumu. Mashine ya kilo 300? Kila gurudumu kati ya manne liweze kubeba angalau kilo 100, kwa sababu sakafu ikiwa na bonde, gurudumu moja litaning'inia na matatu yatabeba uzito wote.