Kabla Hujafinyanga Vikopo vya Udongo vya Miche

Kikopo cha udongo kina kazi mbili zinazovutana. Kinatakiwa kikae imara wiki kadhaa kitaluni kikimwagiliwa, na siku ya kupandikiza kilainike, mizizi ipenye bila mche kushtuka. Kwa hiyo mengi huamuliwa kabla hujaloweka udongo.

Anza na udongo wenyewe. Chukua konzi moja yenye unyevu, usokote kamba nene kama kidole cha mwisho, kisha uikunje iwe pete. Ikikatika papo hapo, mchanga umezidi na kikopo kitamomonyoka. Ikikunjika laini bila ufa wowote, mfinyanzi umezidi: kikikauka kitakuwa kama jiwe, na mizizi itabaki inajizungusha ndani. Unaofaa ni ule unaokunjika huku ukitoa nyufa ndogondogo mgongoni. Mimi huchanganya makopo mawili ya udongo huo na kopo moja la samadi ya ng'ombe iliyoiva na kuchekechwa, pamoja na nyasi kavu zilizokatwakatwa za kushikilia. Samadi mbichi iache, inaunguza miche.

Uliza pia udongo umetoka wapi. Pale palipolimwa nyanya, bilinganya au pilipili zikanyauka, usichukue hata koleo moja, kwa sababu mnyauko bakteria hukaa ardhini na utauhamishia kwenye kitalu chako.

Halafu hesabu siku kurudi nyuma. Ukitaka mipapai iingie shambani masika yanapoanza Machi, miche inahitaji wiki 6 hadi 8 kitaluni, na vikopo vinataka takriban wiki nzima ya kukauka. Basi mwanzoni mwa Januari mikono iwe kwenye tope. Mpapai nimeutaja makusudi: haupendi mizizi yake kuguswa, na hapo ndipo kikopo hiki kinakishinda kiriba cha plastiki. Viriba vilivyochanwa na kutupwa bado naviokota shambani kila msimu, na kila kimoja kinaniuma.

Tayarisha kivuli chenye upepo. Vikopo vyangu 40 vya kwanza nilivianika juani saa nne asubuhi. Kufikia alasiri vilikuwa vimepasuka kuanzia mdomoni, karibu vyote. Kuvichoma ndiyo usithubutu, maana udongo uliochomwa haurudi tena kuwa udongo.

Kalibu, yaani umbo la kufinyangia kikopo, haihitaji gharama: chupa au kikombe kilichopakwa majivu kinatosha, ukuta wa kikopo uwe na unene wa sentimita 1, na tundu moja chini. Tengeneza vitatu tu kwanza. Vikikauka, vijaze udongo, uvinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku nne, kisha nyanyua kimoja kwa mkono mmoja. Kikibonyea kidogo bila kuachia, endelea na vingine.

Na siku ya kupandikiza, kiloweshe kikopo vizuri, ukifukie chote pamoja na mdomo wake. Mdomo ukibaki nje hunyonya unyevu na kuupoteza hewani, mche ukakauka ungali umezungukwa na udongo mbichi.